Mama Goodness Alikuwa Mrefu

Asubuhi ya Jumamosi, siku moja baada ya shule kufungwa kwa likizo ya Juni, Mwalimu Faustina alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake Kihesa, anapambana na zipu ya begi lililokataa kufungika. Nje kulikuwa na ukungu na ile baridi ya Iringa ya mwezi wa sita, inayofanya watu wasalimiane wakiwa wamebana mikono kwapani. Ndani mlinukia maandazi. Alikuwa amekaanga beseni zima, akachemsha mayai kumi, akajaza chupa mbili za chai, utadhani huko wanakokwenda watu hawali.

Goodness, binti yake wa pekee, miaka mitatu na miezi minane, alikuwa analizunguka begi akiwa amevaa sweta, na juu ya sweta nguo ya kuogelea ya bluu. Tangu avalishwe jana yake kujaribu, alikuwa amegoma kuivua.

"Mama, ziwa lina mlango?"

"Halina, mwanangu. Unaingia tu."

"Na kutoka?"

"Na kutoka unatoka tu. Hebu nipe hiyo ndala."

Ilikuwa mara ya kwanza Faustina kwenda nje ya nchi. Walimu wenzake walimtania wiki nzima: wao wanakwenda vijijini kuvuna mahindi, yeye anakwenda Malawi kupunga upepo. Alicheka nao, lakini moyoni hata yeye alikuwa anashangaa. Mume wake, Clement Kalinga, fundi umeme wa majengo, hakuwa mtu wa matembezi. Kwa miaka sita ya ndoa yao safari zilikuwa misiba na harusi tu. Halafu mwezi wa nne akaja na wazo hili, akahangaika mwenyewe na pasipoti, na hati ya mtoto ya kusafiria, na bima ya gari ya kuvukia mpaka.

"Mtoto aone ziwa," alisema.

Faustina akaona ni upendo. Baadaye kila alipokumbuka kwamba aliona ni upendo, alitamani kutapika.

Kulikuwa na jambo moja tu katika ndoa ile lililokuwa limemkaa kooni, nalo ni jina la mtoto. Yeye alitaka binti yake aitwe Severina, jina la mama yake mzazi aliyefariki. Alikuwa amelisema hilo tangu mimba ikiwa ya miezi mitano, na Clement hakukataa. Lakini siku aliyojifungua, mama mkwe aliingia wodini na kanga zake begani, akampakata mtoto hata kabla hajanyonya, akamtazama usoni muda mrefu. Hakusema tumwite Goodness. Alisema, "Goodness amekuja."

Faustina alikuwa amechoka, ana nyuzi mwilini, hakuwa na nguvu za kugombana. Kufikia jioni ukoo mzima ulishaanza kumwita Mama Goodness.

Basi wakaondoka. Mafinga wakapita ukungu haujaisha, Makambako wakajaza mafuta, na mchana ukawakuta Igawa, wakasimama kula kwenye banda moja la kando ya barabara, wali wa Mbarali na maharage na mchicha. Goodness alikula nusu ya wali wake. Nusu nyingine akaisukuma ukingoni mwa sahani kwa kidole, akaipanga vizuri.

"Maliza chakula," Faustina alimwambia.

"Hii ya mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Anayekaa nyuma na mimi."

Faustina alicheka, akamgeukia Clement wacheke wote. Clement hakuwa anacheka. Alikuwa ameshasimama, sahani yake haijafika nusu, anakwenda kwenye gari. Kwenye gari alifungua mlango wa nyuma, akachungulia kiti, kisha akaufunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtu aliyelala.

Mbeya walifikia Uyole, kwa Frida, dada yake Clement. Frida alimkumbatia mtoto hata mtoto akaanza kujinyonganyonga. Alimnusa nywele. Machozi yakamtoka, akasema ni moshi wa mkaa. Jioni ile, yeye na Faustina wakimenya viazi jikoni, Frida alitazama kwanza mlangoni, kisha akasogeza kigoda chake karibu.

"Wifi," alinong'ona. "Mkifika kule, mtoto usimwite kwa sauti. Ukimtaka, mfuate alipo umshike mkono."

"Kwa nini?"

"Basi tu, wifi. Fanya nilivyokwambia."

"Wifi, mimi siyo mtoto. Kama kuna jambo, nieleze."

Clement akatokea mlangoni, akakohoa. Frida akainamia viazi vyake na hakuinua kichwa tena. Faustina alihisi hasira ndogo ikimpanda, ile anayoipata darasani akiingia na wanafunzi wote wakanyamaza kwa pamoja.

Kesho yake wakateremka Tukuyu, migomba na majani ya chai pande zote, baridi ikaachwa juu milimani, na kabla ya saa sita walikuwa Kasumulu. Upande wa Tanzania walipita bila shida. Walipovuka daraja la Songwe na kuingia upande wa pili, ofisa aliyewahudumia alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, anaongea Kiswahili cha watu wa mpakani. Aligonga muhuri wa Faustina. Akagonga wa Clement. Alipofika kwenye hati ya mtoto, muhuri ulibaki hewani.

"Goodness Kalinga," alisoma. Akavua miwani, akamtazama Clement. Sura yake ikawa ya huruma. "Bwana Kalinga. Kumbe ni wewe. Alipatikana basi?"

"Umenifananisha," Clement alisema.

"Mimi ndiye niliye..."

"Nimesema umenifananisha, mzee."

Ofisa alimtazama mtoto, akamtazama Faustina. Akagonga muhuri.

Ndani ya gari Faustina alisubiri mpaka wakauacha umati wa wabadilisha fedha. "Nani alipatikana, Clement?"

"Sijui. Mzee yule amechanganyikiwa."

"Amekutaja jina."

"Amelisoma kwenye pasipoti, mama. Tuko likizo. Usianze."

Usianze. Faustina aligeuza uso dirishani, akakaza meno mpaka Karonga.

Nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa mwendo wa saa moja kusini ya Karonga, pwani ya ziwa kabisa: vyumba sita vilivyoezekwa nyasi, mchanga mweupe, na maji yasiyo na mwisho, ya bluu kuliko alivyowahi kuyaona kwenye picha. Hata hasira yake ililegea kidogo. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, wanamwita NyaGondwe. Kiswahili alikijua vizuri kwa sababu ya miaka mingi ya kununua vitenge Mbeya. Alikuja kuwapokea mikono imenyooshwa. Hatua tano kabla hajawafikia, akasimama. Mikono ikashuka.

"Karibuni," alisema, na uchangamfu ulikuwa umekwisha.

Siku hiyo ya kwanza ilipita vizuri. Goodness alicheza mchangani mpaka jua likazama, akala samaki, akalala. Ila Faustina aligundua kitu. Mume wake hakukanyaga maji. Alikaa kwenye kiti mpaka giza likaingia, amelikazia macho ziwa, na midomo yake ilikuwa ikicheza.

Siku ya pili, saa nane mchana, jua kali, Faustina alikuwa bombani mbele ya vyumba akifua nguo za mtoto. Alikuwa amemwacha Goodness amekaa kwenye ngazi ya chumba, hatua kumi nyuma yake, anakula biskuti. Aliinua nguo ya bluu, akaikamua, akaita bila kugeuka, kama mama yeyote anavyoita.

"Goodness!"

"Bee, mama!"

Sauti ilitoka mbele yake. Kutoka ziwani.

Faustina aliinua kichwa. Maji yalikuwa yametulia. Hapakuwa na mtu, wala mtumbwi. Alidhani mtoto ameshuka ufukweni bila yeye kumwona, moyo ukamlipuka, akageuka akimbie.

Goodness alikuwa palepale kwenye ngazi. Biskuti mdomoni. Anamtazama.

"Umeitika wewe?"

Mtoto alitikisa kichwa.

"Nani ameitika?"

"Goodness."

"Goodness ni wewe."

"Hapana," mtoto alisema kwa upole, kama anayemrekebisha mtu mzima asiyejua. "Goodness ni yule. Mimi nimeazima tu."

Jua lilikuwa linawaka. Faustina alihisi baridi ya Kihesa ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Alimbeba mtoto, akaingia naye chumbani. Clement alikuwa kitandani, macho wazi.

"Kuna mtu majini ameitika jina la mtoto," Faustina alisema.

Clement aliketi haraka. Na Faustina aliona kitu ambacho hatakisahau. Mume wake hakuogopa. Uso wake ulifunguka, ukang'aa. Ilikuwa furaha.

"Ameitika?" alinong'ona. "Umemsikia?"

"Nimemsikia nani?"

Furaha ikazimwa kama taa. "Ni mwangwi. Majabali ya kule yanarudisha sauti. Nipe huyo mtoto nimtembeze, wewe upumzike. Umechoka."

Kichwa kilikuwa kinamgonga. Na alitaka kumwona NyaGondwe, alitaka jibu kutoka kwa mtu asiyekuwa Kalinga. Hilo ndilo kosa lake, na hajawahi kujisamehe: alimpa mtoto.

NyaGondwe alikuwa jikoni akichambua usipa, dagaa wa ziwa lile. Faustina aliketi bila kukaribishwa.

"Mama, mume wangu ulishamwona kabla ya jana?"

Mama yule aliendelea kuchambua.

"Nakuuliza kwa heshima. Mimi ni Mama Goodness. Mtoto ni wangu. Nina haki ya kujua."

Mikono ya NyaGondwe ikasimama ndani ya samaki.

"Wewe siyo Mama Goodness," alisema polepole. "Mama Goodness alikuwa mrefu."

Nzi akatua kwenye beseni.

"Mrefu, mwembamba, ana mwanya. Gloria. Walikuja hapa, ni miaka kumi na moja sasa, na mtoto wao. Miaka mitatu na kitu. Chumba hichohicho mlicholala. Mama alikwenda Karonga sokoni, baba akabaki na mtoto. Baba alikuwa na simu. Ongea, ongea, cheka. Alipogeuka, mchangani kuna ndoo tu." NyaGondwe alifuta mikono kwenye kitenge. "Wavuvi walitafuta siku sita. Ziwa letu huwa linarudisha. Huyo halikumrudisha. Gloria aliondoka hapa hasemi. Nilisikia ameolewa Zambia, nilisikia amekufa, sijui. Mume wako nilidhani hataliona ziwa hili tena maisha yake yote. Jana nikamwona. Nikamsikia anamwita mtoto jina lile. Binti, kwa nini mlimpa mtoto jina la aliye majini?"

Majibu yote yalikuwa yanamjia Faustina yenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa kofi. Mama mkwe pale wodini. *Goodness amekuja.* Frida na nywele za mtoto. Miaka minne kila shangazi, kila binamu, wakimwita Mama Goodness huku wakijua jina hilo ni la mwanamke mwingine. Wote walijua. Ukoo mzima ulikaa mezani kwake, ukala chakula chake, ukamtazama akimnyonyesha mtoto aliyevalishwa jina la maiti. Hasira ilimjaa hadi masikioni. Alisimama.

"Yuko wapi mume wangu?"

NyaGondwe alitazama dirishani. Akashika mdomo.

Clement alikuwa ndani ya ziwa. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa amempakata mtoto mbele yake, amemgeuzia uso kwenye kina, kama mtu anayemwonyesha mtoto kwa mgeni.

Faustina alikimbia. Mchanga ulimvuta miguu. Alipofika majini alisikia sauti ya mume wake, laini, sauti ambayo hajawahi kutumia kwake hata siku moja.

"Goodness. Goodness mwanangu. Njoo. Baba amerudi. Baba amekuletea pa kukaa."

Maji yakamfika Faustina kiunoni.

"Bee, baba."

Ilikuwa karibu. Karibu mno. Mtoto wake alikuwa amefumba mdomo.

"Njoo," Clement alisema, na akaanza kumshusha mtoto. Maji yakamfika shingoni. Yakamfika kidevuni. Hakulia. Alikuwa anatazama chini, ndani ya maji, na alikuwa anatabasamu na kitu.

Faustina hakupiga kelele. Alimrukia mume wake kwa nyuma, akamng'ata mkono hadi damu. Clement aliachia. Mtoto alizama. Sekunde moja. Mbili. Faustina alipapasa. Alishika nywele. Akaziacha, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimegusa vichwa viwili.

Akapapasa tena. Akapata gauni. Akavuta kwa nguvu zake zote, na mtoto akatoka, akakohoa, akalia.

Kuhusu nguvu zilizomfanya asimame pale badala ya kukimbia, Faustina anasema hazikuwa ujasiri. Zilikuwa hasira. Alisimama maji yakiwa kiunoni, mtoto kamkumbatia shingoni, akaligeukia ziwa, akapiga kelele hata wavuvi wa mbali wakasimamisha makasia.

"Sikia wewe mtoto! Sina ugomvi na wewe! Baba yako alikuacha uzame akicheka na simu! Akakuficha! Miaka kumi na moja hakukulilia mbele za watu, amekuficha kama mtu aliyeficha wizi! Jina lako walilichukua bila kukuomba, na mimi hawakuniomba! Chukua! Chukua jina lako lote, huyu siyo Goodness! Huyu ni wangu, anaitwa Severina! Severina! Na wewe, baba yako huyu hapa. Kaa naye!"

Upepo ukakatika. Ziwa lote likawa kama kioo. Kisha mkunjo mdogo wa maji, upana wa mtoto, ukapita mbele ya Faustina taratibu, ukaenda moja kwa moja mpaka kifuani kwa Clement.

Clement alifungua mikono. Alikuwa analia. "Umerudi," alikuwa anasema. "Umerudi, umerudi."

Faustina hakutazama tena.

NyaGondwe alikuwa ameshabeba begi mpaka kwenye gari, na ufunguo mkononi. Alimfunika mtoto kitenge kikavu, akaufunga mlango, akapiga bati la gari mara mbili, nenda. Faustina alikuwa na leseni, lakini hajawahi kuendesha zaidi ya Kihesa mpaka mjini. Siku hiyo aliendesha nguo zikichuruzika maji, hajavaa viatu, akavuka mpaka jioni, akapita milima ya Tukuyu, akapita Uyole bila hata kupunguza mwendo karibu na nyumba ya Frida. Walilala mjini Mbeya, nyumba ya wageni, taa imewashwa. Kesho yake saa tisa alasiri alikuwa Kihesa.

Mama mkwe alikuja siku iliyofuata. Frida alikuwa ameliona gari likipita bila kusimama, akampigia simu. Faustina alimsubiri mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakumwamkia.

"Ulijua," alimwambia.

"Mwanangu..."

"Usiniite mwanangu. Ulimshika mtoto wangu wodini ukamwita jina la maiti, ukaniacha nifurahi. Ulimwambia nini Clement? Nani alimtuma kumpeleka kule?"

Bibi yule aliketi kwenye kizingiti. Alikuwa amezeeka ghafla. "Tulitaka jina lisipotee. Lakini mwaka huu mtoto alipolala kwangu akaanza kuongea usingizini, anamwita Gloria mama. Nikaona mwenzake anamdai. Nilimwambia Clement ampeleke, amwonyeshe, aombe radhi, jina liachiliwe. Kuomba radhi tu. Hayo mengine ni yake mwenyewe. Alikuwa anamtaka yule mtoto wa kwanza, Faustina. Hajawahi kumtaka mwingine."

"Na mimi mlishindwa kuniambia."

"Ungekubali kuolewa?"

Faustina alicheka, kicheko kibaya. "Ondoka nyumbani kwangu."

Bibi aliinuka kwa kushika ukuta. Severina alikuwa ametokea, amesimama nyuma ya sketi ya mama yake, anachungulia. Bibi alimtazama. Akamtazama sana, kama siku ile wodini. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaweka kanga mdomoni.

"Faustina," alinong'ona. "Umerudi na yupi?"

Faustina alimfungia mlango usoni.

Clement hakurudi. NyaGondwe alipiga simu mwezi wa saba: anakaa mchangani tangu asubuhi, hataki kuingia ndani hata upepo ukivuma, ananunua biskuti pakiti mbili, moja anakula, moja anaiacha ukingoni mwa maji. Asubuhi pakiti inakuwa wazi. Faustina alisikiliza, akashukuru, akakata. Vyombo vya kazi vya Clement akavipeleka kwa mama yake kwa bajaji, pamoja na nguo zake zote.

Akaanza kushughulikia jina. Alikula kiapo kwa wakili, akapeleka makaratasi panapohusika, akasubiri. Mtoto alizoea jina jipya siku ileile, hakulikosea hata mara moja. Hakuongea tena usingizini. Alikula vizuri, na kuoga alitaka aoge mwenyewe. Alikuwa mtulivu kuliko zamani, na Faustina alijiambia kwamba hivyo ndivyo mtoto anavyokuwa akitolewa mzigo.

Mwezi wa tisa alimpeleka kliniki, kwa sababu shule ya awali ilitaka kadi yenye jina jipya. Muuguzi, dada mmoja mchapakazi aitwaye Amna, alimpima mtoto uzito, akampima urefu, akamkunjia mkono wa gauni kutafuta alama ya chanjo.

"Mbona haipo?"

"Ipo," Faustina alisema. "Bega la kulia. Ilitunga usaha wiki tatu, nilikuwa silali."

Amna alipapasa bega la kulia. Ngozi ilikuwa laini, safi, haina hata doa. Akakunja mkono wa pili.

Alama ilikuwa kushoto. Kovu la mviringo, dogo, lililozama katikati, vilevile Faustina alivyolijua. Upande siyo wake, kama kwenye kioo.

"Ajabu," Amna alisema. "Huku kwetu tunachoma kulia tu, wote. Mwalimu, huyu mtoto mlimzalia nje ya nchi?"

Faustina alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa anamtazama yeye, hapepesi, ametulia tuli, anangoja kusikia atasema nini.

Alimshushia mkono wa gauni. Akafunga kifungo. Hakujua kama kilichomjaa ni hofu au ni hasira ileile, ambayo haikuwa na mtu tena wa kumwangukia.

"Ndiyo," alisema. "Alizaliwa nje. Andika Severina."

Amna akaandika.